Kukuza chaneli ndogo ya YouTube bila ujanja: mwongozo kamili kwa mfano wa chaneli ya vifaranga

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu, mwenye kazi anayoijua vizuri, na mwenye chaneli ambayo wafuatiliaji wake hawajazi hata daladala moja. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: chaneli ya kufundisha kulea vifaranga wa kuku. Nimechagua vifaranga kwa sababu watu wanautafuta msaada huo kila siku, na wanautafuta wakiwa na haraka, kifaranga ameshalala chini mabawa yamemlegea. Halafu ni eneo lililojaa uongo mtandaoni, kwa hiyo anayesema kweli huonekana upesi. Kama wewe ni fundi cherehani, mpishi wa vitafunwa au mwalimu wa hesabu, badilisha mfano tu.

Niseme msimamo wangu mapema. Chaneli ndogo haikui kwa kuomba watu waikuze. Inakua pale mtu asiyekujua anapouliza jambo, anapokutana na video yako, na kupata jibu kabla hajachoka. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatafuta namna ya kulifanya hilo litokee mara nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya kushika kamera

"Ufugaji wa kuku" ni mada, na kwenye mada hiyo tayari kuna watu wenye kamera na mabanda makubwa kuliko yako. "Vifaranga wangu wanakufa siku ya tatu, tatizo nini?" ni swali. Chaneli ndogo huanzia kwenye maswali, kwa sababu mwenye swali hajali una wafuatiliaji wangapi.

Maswali yapo sehemu tatu. Nenda duka la dawa za mifugo, ukae pembeni na muuzaji umuulize wateja wanamlilia nini wiki hii. Ingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafugaji, usome bila kujitangaza, na unakili maswali kwa maneno yaleyale ya muulizaji, hata kama ameandika ovyo. Kisha fungua YouTube kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ili historia yako isikuchanganye, uandike "vifaranga" na uangalie YouTube inakumalizia vipi maneno. Ongeza herufi moja moja: "vifaranga k", "vifaranga w". Hayo yanayojitokeza ndiyo watu wanayoyaandika kweli.

Zingatia majina. Ugonjwa uleule mfugaji mmoja ataandika kideri, mwingine mdondo, na wa Nakuru ataandika Newcastle. Weka majina yote kwenye daftari, utayahitaji wakati wa kuandika kichwa na maelezo ya video.

Ukifikisha maswali 20, yachuje. Bakisha yale unayoweza kuyaonyesha kwa macho, na uondoe yale usiyoyajua. Swali la ugonjwa ambalo huna uhakika nalo mpelekee afisa mifugo wa kata, umwombe alijibu mbele ya kamera. Video moja ya mtaalamu aliyevaa buti zake bandani inakuongezea imani kuliko wewe kubahatisha mara kumi.

Kwa chaneli yetu, maswali yatajipanga yenyewe kwenye wiki nne za kwanza za maisha ya kifaranga: kuandaa bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga), maji ya siku ya kwanza, joto, chanjo, kinyesi chenye rangi isiyo ya kawaida, msongamano, kuzoesha baridi. Kundi moja la vifaranga ukilirekodi kuanzia boksi linapofunguliwa hadi wiki ya nne linakupa mfululizo mzima wa video, tena zenye vifaranga walewale. Mtazamaji ataanza kuwauliza hali zao kwenye maoni.

Hatua ya 2: Tengeneza chaneli yenyewe

Hapa usipoteze wiki. Jina liwe fupi na litamkike kwa simu. Thibitisha namba yako ya simu, maana bila hivyo huwezi kuweka thamneli (picha ndogo ya kuitambulisha video) yako mwenyewe wala kupandisha video inayozidi dakika 15. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kwenye maelezo ya chaneli andika sentensi tatu: unafundisha nini, uko wapi, video mpya hutoka lini. Ukijibu swali la kama maudhui ni ya watoto, jibu ukweli. Ukisema ni ya watoto, sehemu ya maoni inafungwa, na kwa chaneli kama hii maoni ndiyo uhai.

Nembo ya kifahari na utangulizi wenye herufi zinazozunguka havijamletea mtu mtazamaji.

Hatua ya 3: Sauti kwanza, picha baadaye

Watu huvumilia picha yenye ukungu. Sauti mbovu hawaivumilii, hasa wanaposikiliza kwa spika ya simu kwenye kelele za stendi. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola kabla ya kufikiria simu mpya. Kama huna, rekodi picha bandani, kisha ingia chumba chenye magodoro na mapazia, usome maelezo yako karibu na simu, na uviunganishe wakati wa kuhariri.

Laza simu, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini (vumbi la maranda hushika sana), na mwanga utoke nyuma yako uangukie unachoonyesha. Pandisha video usiku kama bando lako la usiku ndilo la bei nafuu, halafu uipangie muda wa kutoka hewani kesho yake.

Hatua ya 4: Nusu dakika ya kwanza

Chaneli nyingi ndogo hufia hapa. Ufunguzi uliozoeleka unakwenda hivi: "Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni tena sana kwenye chaneli yenu pendwa. Kama ni mara yako ya kwanza kufika hapa usisahau kusabskraibu, kulaiki, kushea na kubonyeza alama ya kengele ili usipitwe…" Dakika inaisha, bando linaliwa, na vifaranga bado wanakufa. Mtu anarudi nyuma kutafuta video nyingine, na YouTube inaona kuwa alikuja akakimbia.

Sasa angalia ufunguzi huu. Kamera iko juu ya bruda. Vifaranga wamebanana chini ya taa, wanapandana. Sauti inasema: "Ukiwakuta hivi, wana baridi. Wakibaki hivi mpaka asubuhi, wa chini watakosa hewa." Picha inabadilika: wamejitenga na taa, wamekwenda kusimama ukingoni, midomo wazi. "Hapa joto limezidi." Picha ya tatu: wametawanyika sawasawa, wengine wanakula, wengine wamelala. "Tunataka hivi. Nitakuonyesha jinsi ya kufika hapa kwa taa, na jinsi ya kufika hapa umeme ukikatika." Sekunde 25 tu, na aliyeingia ameshapata kitu cha kwenda kukiangalia bandani kwake hata akiondoka sasa hivi.

Najua wapo watakaosema kuanza bila salamu ni kukosa adabu. Basi salimia, "Hamjambo, tazameni hapa", na uendelee. Jina lako na mahali ulipo vinaweza kufuata baada ya kuonyesha tatizo.

Baada ya hapo, kamilisha ahadi kwa mpangilio ulioutaja. Taja namba: wiki ya kwanza nyuzijoto 32 hadi 35 kwenye usawa wa vifaranga, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Onyesha kipimajoto kinaning'inia wapi. Ukifika kwenye jiko la mkaa, sema wazi kwamba banda liachiwe upenyo wa hewa, kwa sababu moshi usioonekana unaua vifaranga na unaua watu. Maelezo kama hayo ndiyo yanayomfanya mtu aitume video kwa shemeji yake.

Urefu? Video iwe ndefu kadiri jibu linavyohitaji. Kuivuta dakika tatu ziwe kumi ni kumwibia mtu bando. Ombi la kufuatilia chaneli litoe mara moja, baada ya kuwa umeshampa kitu, na lipe sababu: "Kundi hili nalichanja siku ya saba. Ukitaka kuona, bonyeza kufuatilia." Mtu anayebonyeza kwa sababu hiyo atarudi siku ya saba.

Hatua ya 5: Kichwa na thamneli

Chukua mfano wa kideri, kwa sababu hapo ndipo uongo unapolipa haraka. Kideri ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba. Kinachofanya kazi ni chanjo kabla haujaingia. Lakini kichwa cha "DAWA YA KIDERI YAPATIKANA!!!" kitafunguliwa na watu wengi. Watakaa sekunde 40, watagundua wamedanganywa, na wataondoka. Tangu 2012 YouTube iliacha kuhesabu mibofyo peke yake na kuanza kuangalia muda mtu anaotazama, na siku hizi inawauliza baadhi ya watazamaji moja kwa moja kama waliridhika. Kichwa cha uongo kinakuletea watu wa kukupa alama mbaya.

Kichwa cha kweli kinaweza kuvutia vilevile: "Kideri (mdondo) hakina dawa: chanja kuku hivi, tone moja jichoni". Kina majina mawili ya ugonjwa, kina mshangao wa kweli, na kina ahadi inayoonekana. Ndani ya video onyesha chupa ya I-2, chanjo ya kideri, namna ya kuibeba kwenye baridi, tone likianguka jichoni, na ueleze kuwa hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Maneno muhimu yawe mwanzoni mwa kichwa, maana simu hukata mwisho. Thamneli iwe na kitu kimoja kikubwa, mfano jicho la kuku na tone linaning'inia, na maneno yasiyozidi manne. Ukubwa ni pikseli 1280 kwa 720. Ukimaliza kuitengeneza, ipunguze mpaka iwe kama ukucha wa kidole gumba kwenye simu yako, uweke mwanga wa chini, utazame. Usipoweza kuisoma wewe uliyeitengeneza, hakuna atakayeisoma. Kona ya chini kulia iache wazi, pale hukaa muda wa video.

Hatua ya 6: Siku ya kupandisha

Sentensi mbili za kwanza za maelezo ziseme video inajibu nini, kwa lugha ya kawaida, na majina yote uliyoyaandika kwenye daftari yaingie humo kwa utaratibu. Lebo (tags) zijaze kwa dakika moja usonge mbele. YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, labda kwa maneno ambayo watu huyakosea tahajia.

Weka sura za video. Unaandika muda na jina kwenye maelezo, mstari wa kwanza ukiwa 00:00, zisiwe chini ya tatu, na kila sura isipungue sekunde 10. Mfugaji aliyekatikiwa umeme saa hii anataka kuruka moja kwa moja kwenye jiko la mkaa. Mwache aruke. Wapo wanaoogopa sura kwa hofu ya kupoteza dakika za kutazamwa, lakini mtu aliyesaidiwa haraka hurudi, na aliyezungushwa hakumbuki hata jina lako.

Mwishoni acha sekunde 10 hadi 20 za picha tulivu kwa ajili ya kuweka kiungo cha video moja inayofuata. Moja tu, tena utaje kwa mdomo kwa nini anapaswa kuiona. Weka video kwenye orodha ya kucheza yenye jina la kueleweka: "Vifaranga: siku ya 1 hadi wiki ya 4".

Kama umelipwa au umepewa mifuko ya chakula bure na kampuni ili uitaje, weka alama kwenye kisanduku cha matangazo ya kulipiwa na useme kwa sauti ndani ya video. Watu hawachukii mtu kulipwa. Wanachukia kugundua baadaye.

Hatua ya 7: Wapelekee watu jibu, usiwapelekee kiungo

Kumwaga kiungo kwenye magrupu kumi na maneno "video mpya hiyo, nipeni sapoti" kunaudhi, na wanaofungua kwa kukuonea huruma hukaa sekunde chache. Fanya kinyume. Mtu akiuliza kwenye grupu, mjibu kikamilifu kwa maandishi hapohapo. Kisha ongeza: "Nimeonyesha kwa picha, anzia dakika ya 3 na sekunde 10." YouTube inakuwezesha kunakili kiungo kinachoanzia muda huo. Wachache watafungua, lakini watakaofungua wana shida hiyohiyo.

Njia ya pili ni duka la dawa za mifugo ulikoanzia. Chapisha karatasi ndogo yenye msimbo wa QR wa orodha yako ya vifaranga, umwombe muuzaji aibandike pembeni ya friji ya chanjo. Kwa mteja aliyetoka kununua chupa, hakuna msaada bora.

Maoni yajibu yote katika miezi ya mwanzo, hasa yale ya kukupinga. Mtu wa Bungoma akisema kwao wanatumia chungu chenye maji moto badala ya taa, mwulize anakifunika na nini. Umepata video inayofuata, na yeye amepata sababu ya kuileta familia nzima kuiona. Maoni yenye swali linalorudiwa yabandike juu pamoja na jibu.

Video fupi za Shorts zitumie kama kionjo. Tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika 3, lakini kipande cha sekunde 20 cha vifaranga waliobanana na maneno "wana baridi" kinatosha, kikiwa na kiungo cha video ndefu inayohusiana. Usishangae video fupi ikitazamwa sana na video ndefu ikabaki palepale. Anayepitisha kidole na anayetafuta jibu mara nyingi ni watu wawili tofauti.

Hatua ya 8: Soma namba bila kujidanganya

Ndani ya YouTube Studio, sehemu ya kusimamia chaneli yako, kuna namba nyingi za kukufurahisha na chache za kukufundisha. Ninaangalia tatu.

Ya kwanza ni asilimia ya waliobofya baada ya kuonyeshwa thamneli. YouTube wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10. Ukiwa chini ya 2 kwenye video iliyoonyeshwa kwa watu wengi, badilisha thamneli au kichwa, kimoja kwa wakati mmoja, ili ujue kipi kimefanya kazi. Kipo pia kifaa cha kujaribisha thamneli hadi tatu kwa pamoja. Usitishike namba hii ikishuka wakati video inaenea. Inaonyeshwa kwa watu wasiokujua, na hao ni wagumu.

Ya pili ni mchoro wa watazamaji wanavyopungua ndani ya video. Huu ukae nao. Mteremko mkali kwenye sekunde 30 za kwanza unamaanisha ufunguzi haukutimiza ahadi ya kichwa. Bonde katikati linaonyesha mahali uliporudia maneno au ulipoanza hadithi ya jirani. Kilima, yaani sehemu ambayo watu wanairudia, ni dhahabu: kama ni pale unapochanganya chanjo, video inayofuata iwe ya kuchanganya chanjo peke yake, polepole, kamera karibu.

Ya tatu ni chanzo cha watazamaji. Mwanzoni utategemea utafutaji, na ni vizuri, maana hapo ndipo maswali yako yanapofanya kazi. Ukianza kuona "video zinazopendekezwa" ikipanda, bofya uone unapendekezwa baada ya video gani. Hapo umepata majirani zako. Fungua pia ramani. Mara nyingi chaneli ya Kiswahili hukuta watazamaji Oman, Saudia au Marekani, watu wanaotuma fedha nyumbani kuanzisha mradi na wanataka kuelewa kinachonunuliwa. Kwa hao, video ya "gharama halisi za kuanza na vifaranga 100", yenye risiti mezani na vifaranga waliokufa wakihesabiwa humohumo, ina thamani kubwa. Video za faida ya mamilioni wameshaona nyingi.

Usihukumu video kwa siku mbili. Video inayojibu swali huweza kulala wiki nyingi, msimu wa mvua na baridi ukija ikaamka.

Njia za mkato na gharama zake

Utaletewa mapendekezo. Kuna wanaouza wafuatiliaji kwa mafungu. Kuna magrupu ya "nifuate nikufuate". Kuna wanaoshauri uache simu tano zikicheza video yako usiku kucha. Yote haya yamekatazwa wazi kwenye sera ya YouTube, ikiwemo hilo la kufuatana kwa kubadilishana, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaifuta chaneli. Lakini tuseme hukamatwi. Una wafuatiliaji 1,000 ambao hawafugi hata njiwa. Ukitoa video ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, ikionyeshwa kwao hawabofyi, na mfumo wa YouTube unajifunza kwamba video zako hazina mvuto. Umelipa fedha ili video zako zifichwe.

Kuchukua video za wengine, ukazikata na kuweka sauti yako juu, nako kunaishia pabaya. Siku ya kuomba kulipwa, wakaguzi huangalia mada kuu ya chaneli, video zilizotazamwa zaidi na zile mpya. Maudhui yaliyonakiliwa au kuzalishwa kwa wingi bila mchango wako hukataliwa, na tangu Julai 2025 sera hiyo imewekwa wazi zaidi. Akili mnemba kukusaidia kupanga maneno haina shida. Kuitumia kutengeneza picha inayoonekana kama tukio la kweli bila kutamka kuwa imetengenezwa ina shida, na kuna kisanduku cha kutiki kwa ajili hiyo.

Muziki: ile imani kwamba sekunde chache za wimbo ni halali haina msingi wowote. Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za wengine, unazitambua, na mapato ya video yako yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Tumia maktaba ya sauti ya YouTube, au uache mlio wa vifaranga. Kwa chaneli hii mlio wa vifaranga ni bora.

Fedha: lini na kiasi gani

Mlango kamili wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazotokana na mlisho wa Shorts hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Piga hesabu: saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtu wa kawaida anakaa dakika 4 kwenye video yako, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Ukimfanya akae dakika 6, zinatosha 40,000. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye ufunguzi. Tangu 2023 baadhi ya nchi zina mlango mdogo wa wafuatiliaji 500, ambao haukupi matangazo ila unaruhusu watazamaji kukuchangia.

Ukikubaliwa, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu na 45 kwenye fupi. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua yenye namba ya siri kwenye anwani yako, tumia S.L.P. inayofunguliwa kweli, kwa jina linalofanana na la akaunti ya benki. Malipo hutoka yakifika dola 100. Jaza fomu ya kodi ya Marekani mapema. Usipoijaza wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote. Ukiijaza, makato yanahusu mapato ya watazamaji wa Marekani tu, ambayo kwa Mtanzania au Mkenya ni asilimia 30 kwa kuwa hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizo na Marekani.

Matangazo kwa watazamaji wa Afrika Mashariki hulipa kidogo ukilinganisha na Marekani au Ulaya. Mfugaji mwenye chaneli ndogo hupata zaidi kwa kuuza vifaranga wake mwenyewe, kwa mafunzo ya siku moja bandani, au kwa kazi ya kampuni ya vyakula vya mifugo iliyotangazwa wazi. Hivyo vyote havisubiri wafuatiliaji 1,000.

Kabla fedha haijaanza kuingia, pita ofisi ya kodi. Kenya, tangu Julai 2023, malipo kwa mkazi kwa kazi ya maudhui ya kidijitali hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Tanzania ina kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020, chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Chaneli ikianza kugusa habari na matukio, waulize kuhusu leseni kabla ya kurusha. Na ukiingia kwenye banda la mtu na kamera, omba ruhusa yeye akisikika kwenye rekodi.

Linda ulichojenga, rekebisha ulichokosea

Chaneli ikianza kuonekana, zitakuja barua pepe za "udhamini" zenye faili la kufungua. Ndizo zinazotumika kuiba chaneli, hata zenye uthibitishaji wa hatua mbili, kwa sababu faili hilo linaiba kumbukumbu za kuingia kutoka kwenye kivinjari chako. Mdhamini wa kweli ataweza kuandika masharti yake ndani ya barua, na utaweza kupiga simu ofisini kwake. Kijana anayekuhariria video mpe nafasi kupitia mipangilio ya ruhusa ya Studio. Nywila usimpe, hata akiwa mdogo wako.

Video za zamani zipitie kila baada ya miezi michache. Kama ulitaja kipimo cha dawa ambacho afisa mifugo amekusahihisha, usingoje. Kihariri cha ndani ya Studio kinaweza kukata kipande hicho huku kiungo, maoni na idadi ya waliotazama vikibaki, ingawa chaneli ambayo haijaingia kwenye mpango wa malipo haiwezi kufanya hivyo video ikishatazamwa zaidi ya mara 100,000. Kata, kisha ubandike maoni juu yenye kipimo sahihi na tarehe ya kusahihisha. Kama kosa limeenea video nzima, iondoe hadharani, rekodi upya na vifaranga wa kundi lijalo, na kwenye maelezo ya video mpya uandike kwamba inachukua nafasi ya ile ya zamani na kwa nini.